Maktaba kama Darasa la Watu Wazima: Kisomo, Kitabu na Kiswahili katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Katika historia ya elimu ya watu wazima nchini Tanzania, darasa na maktaba vimezoeleka kujadiliwa mbalimbali. Darasa hutazamwa kuwa jambo la walimu na wanakisomo. Maktaba hutazamwa kuwa jambo la wakutubi na watu waliokwisha kujua kusoma. Mgawanyo huu una mashiko katika utawala, lakini hauna mashiko katika maisha ya mtu mzima anayejifunza. Kwa mtu huyo, siku ya kwanza asiyokwenda darasani ndiyo siku ya kwanza anayohitaji maktaba.

Makala haya yanakusudia kueleza uhusiano huo kwa kuzitazama wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Ngara na Biharamulo. Wilaya hizi zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, mmojawapo wa mikoa minne ambamo kisomo chenye manufaa kilifanyiwa majaribio kabla ya kuenezwa nchi nzima. Pili, ziko pembezoni, Ngara ikiwa imepakana na Rwanda na Burundi, na wakazi wake wengi walipoingia darasani walikuta lugha ya kitabu si lugha ya nyumbani. Hoja inayojengwa ni kwamba masomo ya bure kwa watu wazima hayakudhoofika kwa sababu ya uvivu wa wanakisomo, bali kwa sababu vitu vitatu vilitenganishwa: mwalimu, kitabu na lugha ya mazungumzo. Maktaba ya umma ndiyo mahali panapofaa zaidi kuviunganisha.

2.0 Darasa Lililotangulia Maktaba

Katika nchi nyingi za Ulaya na katika Marekani, maktaba ya umma ilitangulia. Ilijengwa kwanza, ikajazwa vitabu, kisha baadaye ikaongeza madarasa ya lugha, kusoma na kuandika, ushonaji na mengineyo kwa watu wazima bila malipo. Tanzania ilifuata mkondo uliokuwa karibu kinyume cha huo. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Kutoka hapo huduma ilienea katika miji mikuu ya mikoa, Bukoba ikiwa miongoni mwao. Kwa mkazi wa Rulenge au Kabanga katika Ngara, au wa Nyakanazi katika Biharamulo, maktaba ya Bukoba ilikuwa jambo la kusikia tu.

Darasa, kwa upande wake, lilifika mapema zaidi. Mwaka 1968 Serikali, kwa kushirikiana na UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa wenye makao yake Mwanza. Mradi huo ulihusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera. Mwaka 1969 elimu ya watu wazima iliwekwa chini ya wizara iliyohusika na elimu. Katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya, Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 TANU iliazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe kabla ya mwisho wa 1975.

Neno "manufaa" katika jina la mradi huo lilikuwa na uzito. Mwanakisomo hakutakiwa kusoma sentensi zisizohusiana na kazi yake. Vitabu vya kwanza vilitungwa kwa kufuata shughuli za uzalishaji: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, maarifa ya nyumbani na kadhalika. Sentensi moja kuhusu kazi ilichukuliwa, ikavunjwa katika maneno, maneno yakavunjwa katika silabi, kisha silabi zikaunganishwa upya kuunda maneno mengine. Kwa njia hiyo mkulima alitarajiwa kupata mambo mawili kwa pamoja, yaani stadi ya kusoma na maarifa ya kilimo.

Matokeo ya kitaifa yanafahamika. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufuatana na mitihani ya kisomo ya taifa, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na asilimia 9.6 mwaka 1986. Hata hivyo, sensa ya 2012 ilionyesha kwamba watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 78 tu. Vipimo vya tarakimu hizi havifanani: mitihani ya kisomo ilipima watu kwa hatua nne, ilhali sensa humwuliza mtu iwapo anaweza kusoma na kuandika. Kwa hiyo haifai kuzilinganisha kana kwamba zimetoka katika mzani mmoja. Pamoja na tahadhari hiyo, ni bayana kwamba ushindi wa 1986 haukudumu, na swali la msingi ni kwa nini.

3.0 Maktaba ya Kijiji na Udhaifu Wake

Waandalizi wa kampeni walilitambua tatizo la mtu kusahau alichojifunza. Kwa sababu hiyo, kisomo kilifuatiwa na maktaba za vijiji, zilizoanzishwa kwa maelfu nchini kote kwa msaada mkubwa wa Sweden. Aidha, magazeti ya vijijini yalianzishwa. Kanda ya Ziwa ilipata gazeti lake, Elimu Haina Mwisho, lililoanza kutolewa Mwanza mwaka 1974. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa kuanzia 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya umma vya Sweden; Biharamulo ilipata chuo cha Rubondo.

Redio nayo ilitumika. Kampeni za "Uchaguzi ni Wako" (1970), "Wakati wa Furaha" (1971), "Mtu ni Afya" (1973) na "Chakula ni Uhai" (1975) ziliwakusanya watu katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na redio, kijitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. "Mtu ni Afya" peke yake ilishirikisha watu wapatao milioni 2. Inafaa kuzingatia umbo la kikundi hicho, kwa sababu kilikusanya sauti, maandishi na majadiliano mahali pamoja. Asiyejua kusoma aliweza kushiriki kwa kusikiliza, na aliyejua kusoma alipata sababu ya kuwasomea wenzake. Kwa maana hiyo kikundi cha redio kilikuwa karibu zaidi na maktaba hai kuliko maktaba yenyewe.

Maktaba ya kijiji, kwa kawaida, ilikuwa kabati au sanduku la vitabu lililowekwa shuleni au katika ofisi ya kijiji. Msimamizi wake alikuwa mwalimu au mwanakijiji aliyefunzwa kwa muda mfupi na kulipwa posho ndogo. Udhaifu wa mpango huu haukuwa udogo wa kabati, kwani kabati dogo lenye vitabu vinavyobadilishwa lina faida kuliko jengo kubwa lenye vitabu vilevile kila mwaka. Udhaifu ulikuwa kwamba kabati halikuwa na shughuli yake lenyewe. Lilitegemea darasa. Mwalimu alipohamishwa, posho ilipokoma, au uchumi wa nchi ulipozorota katika miaka ya 1980 na karatasi ikawa adimu, darasa lilifungwa na kabati likafungwa pamoja nalo. Mwanakisomo aliyekwisha kufaulu hakuwa na sababu ya kwenda shuleni, na kitabu hakikuwa na njia ya kumfuata nyumbani.

Mgawanyo wa kiutawala uliizidisha hali hiyo. Huduma za maktaba ziliwekwa chini ya bodi yake, ambayo sheria yake ilitungwa upya mwaka 1975. Mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipewa mamlaka yake yenyewe kwa sheria nyingine. Madarasa ya kisomo yalisimamiwa na maofisa elimu wa wilaya na waratibu walio chini yao. Kila chombo kilikuwa na wajibu halali, lakini hapakuwa na chombo kimoja kilichowajibika kwa kipindi kinachofuata mtihani. Huko ndiko wanakisomo wengi walikopotelea.

4.0 Suala la Lugha

4.1 Lugha za Wilaya na Lugha ya Kitabu

Maelezo ya kiutawala peke yake hayatoshi. Katika Ngara na Biharamulo liko suala jingine ambalo halikupewa uzito unaostahili, nalo ni lugha. Ngara ni wilaya ya Wahangaza na Washubi. Wanaisimu, tangu Guthrie, wameziweka Kihangaza na Kishubi katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Biharamulo ina wasemaji wa Kisubi na Kizinza, pamoja na Wasukuma waliohamia kutoka mashariki. Itakumbukwa pia kuwa hadi mwaka 2005 Biharamulo ilijumuisha eneo la Chato, ambalo leo ni wilaya katika Mkoa wa Geita.

Vitabu vya kisomo vilitungwa kwa Kiswahili. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito za kitaifa, na makala haya hayakusudii kuupinga. Nchi yenye lugha zaidi ya 100 isingeweza kutunga vitabu vya kwanza kwa kila lugha, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya siasa, mahakama ya mwanzo na soko. Lakini uamuzi wa lugha huwa na gharama, na gharama hiyo haikuwa sawa kila mahali. Kwa mtu mzima wa Mafia, kujifunza kusoma kulikuwa kujifunza kuona kwa macho maneno aliyoyajua kwa masikio. Kwa mama wa Kihangaza ambaye maisha yake yote yalikuwa baina ya nyumba, shamba na kanisa, kujifunza kusoma kulikuwa kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: alama za maandishi, na lugha ambayo alama hizo ziliiwakilisha. Mtihani ulimpima katika jambo la kwanza. Kushindwa kwake, kama alishindwa, huenda kulitokana na jambo la pili.

4.2 Silabi, Sauti na Maana

Njia ya silabi inakifaa Kiswahili kwa sababu silabi zake nyingi ni wazi. Anayejua ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma maneno mengi katika muda mfupi. Hata hivyo, ziko nukta ambapo lugha ya kwanza ya mwanakisomo huingilia.

Mfano wa kwanza ni m inayosimama peke yake kama silabi. Kirundi na Kinyarwanda husema umuntu, pale ambapo Kiswahili husema mtu. Mwanakisomo aliyezoea lugha ya kundi hilo, akiisha kufundishwa ma, me, mi, mo, mu, hutarajia irabu baada ya m. Anapoliona neno mtu, mti au mkulima, kanuni aliyofundishwa wiki iliyopita inavunjika mbele ya macho yake, na hana sauti ya nyumbani ya kumsaidia. Kwa Mswahili wa pwani nukta hii hupita bila kuonekana.

Mfano wa pili ni l na r. Kirundi na Kinyarwanda hazizitofautishi sauti hizi kifonimu, na r ndiyo hutumika. Kisukuma, kinyume chake, kina l na hakina r katika maneno yake ya asili. Kwa hiyo katika darasa moja la Biharamulo, mwenye lugha jirani na Kirundi anaweza kuandika kurima anapokusudia kulima, na Msukuma aliye kando yake akaandika kula anapokusudia kura. Makosa yao yanaelekea pande mbili tofauti, na yote mawili yana mantiki yake. Mwalimu asiyezijua lugha hizo atayaona kuwa ni uzembe. Mwalimu anayezijua atatumia dakika kumi za mazoezi ya kusikiliza, na tatizo litapungua.

Mfano wa tatu ni msamiati. Kitabu cha kilimo cha migomba huzungumzia ndizi. Mkulima wa Kagera ana majina ya aina nyingi za ndizi, za kupika, za pombe na za kuiva, na katika Kiswahili cha mkoa huu neno matoke ndilo hutumika kwa ndizi za kupika. Kitabu kinapotumia neno moja tu, mkulima hukisoma kama maandishi ya mgeni kuhusu shamba lake yeye. Manufaa yaliyokusudiwa hupungua hapo.

4.3 Mpaka na Msomaji

Upo ukweli mwingine wa kiisimu unaoipa Ngara nafasi ya pekee. Mhangaza na Mrundi walio pande mbili za mpaka huelewana kwa mazungumzo bila shida kubwa, lakini wote wawili wanapojifunza kusoma, mmoja husoma Kiswahili na mwingine husoma Kirundi. Kwa hiyo mpaka wa maandishi ni mkali kuliko mpaka wa mazungumzo.

Jambo hili lilijitokeza kwa namna ya kusikitisha mwishoni mwa Aprili 1994, wakati Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 na kupiga kambi Benaco. Kambi nyingine zilifuata, ikiwemo Lukole kwa ajili ya Warundi, iliyodumu hadi mwaka 2008. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Huduma kwa Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera wilayani Ngara, iliyowatangazia wakimbizi na wenyeji kwa Kiswahili pamoja na lugha za wakimbizi. Kwa mara nyingine tena, kama ilivyokuwa katika kampeni za miaka ya 1970, sauti ilifika pale ambapo kitabu hakikufika. Funzo lake kwa elimu ya watu wazima ni kwamba watu wa wilaya hizi hujifunza kwa urahisi pale ambapo lugha zao zinaruhusiwa kukaa pamoja na Kiswahili.

5.0 Dhima ya Maktaba ya Umma

Tamko la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kurekebishwa mwaka 1972, 1994 na 2022, linaitazama maktaba kuwa chombo cha elimu kwa watu wote. Toleo la 1994 linaweka bayana kwamba kushiriki katika shughuli za kisomo kwa watu wa rika zote ni miongoni mwa kazi za msingi za maktaba, na kwamba huduma yake kimsingi iwe bila malipo. Kwa mujibu wa msimamo huo, darasa la watu wazima ndani ya maktaba ni sehemu ya kazi yake, wala si hisani.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Katika kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba ya jamii iliyoanza mwaka 1999 na sanduku la vitabu ilipata jengo lake mwaka 2004, na imekuwa na shughuli za kisomo kwa watu wazima pamoja na wanafunzi. Tofauti moja ni ya kuzingatiwa: Kitengesa ina Luganda, lugha ya nyumbani ambayo pia ina maandishi. Ngara na Biharamulo hazina nafasi hiyo. Kwa hiyo maktaba ya huku haina budi kufanya kazi ambayo ya Kitengesa haikulazimika kuifanya. Kutokana na uchambuzi uliotangulia, shughuli tatu zinajitokeza.

Ya kwanza ni usomaji wa sauti. Msomaji mmoja husoma gazeti, barua ya Serikali au kijitabu cha afya mbele ya wengine, kisha wote hujadili kwa lugha yoyote wanayoimudu. Shughuli hii inafufua umbo la kikundi cha redio, na inampa asiyejua kusoma haki ya kuingia maktaba bila aibu.

Ya pili ni somo la Kiswahili cha mazungumzo kwa watu wazima, litangulie au liandamane na somo la kusoma. Somo hili halikuwamo katika mpango wa kisomo kwa sababu ilidhaniwa kwamba kila Mtanzania anakifahamu Kiswahili cha kutosha. Dhana hiyo ni ya kweli zaidi leo kuliko mwaka 1970, hasa kwa vijana waliopita shule za msingi. Bado haiwi kweli kwa wazee wote, wala kwa wanawake wote wa vijiji vya mbali.

Ya tatu ni uandishi wa wanakisomo wenyewe. Majina ya aina za ndizi, mbinu za kuhifadhi mbegu, historia ya kuhamishiwa vijijini na simulizi za mpakani vinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na maneno ya Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisukuma yakabaki mahali ambapo Kiswahili hakina neno. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya kukuza Kiswahili. Kazi kama hii ingeitekeleza sera hiyo kwa vitendo, na ingelipa kabati vitabu ambavyo havingehitaji kusubiriwa kutoka Dar es Salaam.

Yamkini itasemwa kwamba njia fupi zaidi ni kuwafundisha watu kusoma kwa lugha zao za kwanza. Hoja hiyo ina nguvu kielimu, kwa kuwa stadi ya kusoma hupatikana upesi katika lugha inayofahamika. Lakini kisomo kisicho na maandishi ya kusomwa hufa upesi kuliko kilivyopatikana, na maandishi ya Kihangaza au Kishubi ni machache. Njia ya kati ni kuzitumia lugha hizo katika maelezo na majadiliano, na kukitumia Kiswahili katika kitabu. Walimu wengi wa kujitolea, kwa kuwa walitoka katika vijiji hivyohivyo, walikuwa na uwezo wa kufanya hivyo bila kuagizwa. Lililokosekana ni kuitambua mbinu hiyo kuwa njia halali ya kufundishia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kisomo katika eneo la Ngara na Biharamulo kilianza na darasa, kikafuatiwa na kabati la vitabu lililolitegemea darasa hilo, na kwamba vyote viwili vilitumia lugha ambayo kwa wanakisomo wengi ilikuwa ya pili. Masomo yalitolewa bure kwa maana ya kwamba hayakuwa na ada. Lakini mwanakisomo alilipa kwa muda wake, kwa jasho lake la jioni baada ya shamba, na kwa juhudi ya kujifunza lugha na maandishi kwa pamoja. Aliposahau, malipo hayo yalipotea.

Neno kitabu limeingia katika lugha za jirani na kupata umbo la kienyeji: igitabo katika Kirundi na Kinyarwanda, ekitabo katika Luganda. Kwa hiyo neno lenyewe limekwisha kuvuka mito na mipaka yote ya eneo hili. Kazi iliyobaki kwa wataalamu wa Kiswahili ni ya utafiti wa nyanjani: kukusanya makosa ya kusoma na kuandika ya watu wazima katika kila jamii ya lugha, kuyachambua kwa misingi ya fonolojia na msamiati, na kuwapatia wakutubi na walimu mwongozo unaotokana na data hiyo. Bila mwongozo wa namna hiyo, kila kampeni mpya itawafundisha upya watu walewale, na kuwapoteza tena mahali palepale.